Tamko na Hali Halisi: Kuoanisha Kumbukumbu ya Injini ya Kanuni na Vitu vya Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tatizo moja la programu zinazoamua mambo kwa kanuni: namna ya kuhakikisha kwamba yale yanayojulikana na injini ya kanuni yanalingana na hali ya vitu vinavyohusika. Mfano unaotumika ni wa kubuni, ila mandhari yake ni ya kweli: mashamba ya mpunga ya Ndungu, Wilaya ya Same, yanayomwagiliwa kwa maji ya Mto Yongoma utokao Milima ya Upare. Skimu hiyo ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990.

2.0 Kanuni, Tamko na Kitu

Ichukuliwe kwamba zamu za maji zimewekwa katika kompyuta. Kila jaruba linawakilishwa na kitu cha programu chenye sifa kama kina cha maji na siku ya zamu iliyopita. Kanuni husema: ikiwa jaruba ni kavu na zamu yake imefika, lango lifunguliwe.

Injini haikagui majaruba yote kila mara. Kwa mbinu ya Rete, ambayo Charles Forgy aliieleza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, injini hutunza matokeo ya ulinganishaji uliokwisha kufanyika, kisha hushughulikia mabadiliko peke yake. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake wavu. Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wake: badiliko lisilotangazwa, kwa injini, halikutokea.

Kwa sababu hiyo, kile kinachohifadhiwa na injini kinafaa kuitwa tamko kuliko ukweli. Ukweli haupitwi na wakati; tamko laweza kupitwa. Jaruba likikauka na tamko likabaki kusema lina maji, lango halitafunguliwa, na miche itanyauka ilhali hakuna kanuni iliyokosewa.

3.0 Njia za Kuoanisha

Njia ya kwanza ni mtunzi wa programu kuiarifu injini kila abadilishapo kitu. Ni njia nyepesi, lakini husahaulika kwa urahisi.

Njia ya pili ni kitu kujitangaza chenyewe. Katika Jess, injini iliyobuniwa na Ernest Friedman-Hill katika maabara za Sandia, Marekani, injini hujiandikisha kuwa msikilizaji wa kitu, nacho huiarifu kila sifa inapobadilika. CLIPS, iliyoanzishwa NASA mwaka 1985, iliwezesha kanuni kulinganishwa na vitu moja kwa moja katika toleo la 6.0 la mwaka 1993.

Njia ya tatu ni kutunza kivuli, yaani nakala ya sifa za kitu kama zilivyokuwa lilipotolewa tamko. Kivuli kina kazi maalumu. Kulisahihisha tamko, kwa kawaida, ni kuliondoa la zamani na kuingiza jipya. Ili kuliondoa, injini yahitaji thamani za awali. Kitu kikiwa kimekwisha kubadilika, injini itatafuta mahali pasipo, na mabaki ya zamani yatasalia wavuni.

Usahihishaji wenyewe una hatari yake. Kanuni inayobadilisha sifa ambayo yenyewe inaitegemea yaweza kujiamsha bila kikomo. Kinga yake ni kuongeza sharti, ili jaruba lililokwisha kuhudumiwa lisihesabiwe tena.

4.0 Hitimisho

Milimani, Wapare wamekusanya maji katika ndiva, mabwawa yajazwayo usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Ugawaji huo hutegemea maji yaliyomo asubuhi hiyo, si yaliyokuwamo jana. Injini ya kanuni nayo iko hivyo: usahihi wa kanuni hauna budi kutanguliwa na upya wa matamko, na wajibu wa kuyahuisha sharti uwekwe bayana tangu programu inaposanifiwa.