Ndoo ya mlangoni imekauka, dawa kali imebaki nyumbani

Mwaka 2020 kila mlango ulikuwa na ndoo. Dukani, benki, msikitini, kanisani, hata kwa mama lishe chini ya mwembe, mteja alipokewa na ndoo yenye koki, kipande cha sabuni na karai la kukingia maji machafu. Asiyenawa haingii.

Leo ndoo nyingi zimeondolewa. Moja inahifadhi mchele, nyingine koki imekatika na hakuna aliyeona haja ya kununua mpya. Lakini kuna kitu kilichoingia majumbani kipindi kilekile na hakijatoka. Ni dawa kali za usafi, zikiwa uvunguni mwa kitanda au kwenye kona ya bafu, mara nyingi ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Hivyo ndivyo Uviko-19 ulivyoziacha familia nyingi: tabia nzuri inafifia, ya hatari imeota mizizi.

Sabuni ya kawaida inatosha

Machi 16, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini, wengi walikimbilia kutafuta vitakasa mikono. Sabuni ya mche iliyokuwa nyumbani siku zote haikupewa heshima yake.

Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni, hata ile ya kufulia, huuvunja utando huo na kirusi kikafa, kisha maji tiririka huondoa uchafu uliobaki. Kinachotakiwa ni muda: sekunde 20 za kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha.

Kitakasa mikono husaidia pale maji yanapokosekana, ilimradi kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Hata hivyo, hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye tope au mafuta. Mama aliyetoka kuparua samaki na mtoto aliyekuwa akicheza mchangani wanahitaji maji na sabuni.

Hofu ilipozidisha dozi

Wakati wa janga, watu wengi waliamini kuwa kama dawa kidogo inaua vijidudu, basi nyingi itaua zaidi. Nchini Marekani, simu zilizopigwa kwenye vituo vya ushauri wa sumu kuhusu dawa za usafi ziliongezeka kwa takriban asilimia 20 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2020, ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka 2019.

Mwezi Mei mwaka huohuo, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo (CDC) kilifanya utafiti kwa njia ya mtandao. Takriban watu 39 kati ya kila 100 waliohojiwa walikiri kufanya angalau jambo moja la hatari, yakiwamo kuosha chakula kwa dawa ya klorini, kujipaka dawa za usafi mwilini au kuvuta mvuke wake.

Hatari hiyo haina mipaka. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Zote huunguza macho, koo na mapafu, na mwenye pumu huumia zaidi.

Baadaye ikabainika kuwa kusugua vitasa na meza kutwa nzima hakukuwa na uzito uliodhaniwa. Mwaka 2021, CDC ilieleza kuwa uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa ujumla uko chini ya 1 kati ya 10,000. Kwa usafi wa kila siku wa nyumba, maji na sabuni vinatosha.

Chupa inayomdanganya mtoto

Sabuni ya maji na dawa za usafi mara nyingi huuzwa kwa kupimiwa, mteja akija na chupa yake. Kwa mtoto wa miaka miwili, chupa ya soda ni soda. Hajui kusoma, na kiu haimpi muda wa kunusa.

Mzazi ahifadhi dawa kwenye chombo chake chenye maelezo, juu na mahali panapofungwa. Dawa ya klorini ichanganywe na maji peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, madirisha yakiwa wazi.

Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, kwani dawa huunguza koo mara ya pili inapotoka. Asuuzwe mdomo na awahishwe kituo cha afya, na chupa ya dawa ibebwe ili mhudumu ajue alichokunywa.

Irudishe ndoo

Korona haikuwa sababu pekee ya kunawa. Kuhara na kipindupindu vilikuwepo kabla yake na bado vipo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, kipindupindu kiliripotiwa katika mikoa kadhaa, ikiwamo ya Kanda ya Ziwa.

Familia isiyo na ndoo ya koki inaweza kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia. Kiwekwe karibu na choo, sabuni ikining'inia pembeni.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ndoo milangoni sasa ameanza shule. Hakumbuki tangazo wala hofu ya siku zile. Atajifunza kunawa kwa kumwona mama au baba akinawa kila anapotoka chooni na kila anapokaribia chakula.