Kifusi cha Hong Kong

Nyumba ya miti na udongo ikichakaa, mwenyewe huiangusha bila taabu kubwa. Miti iliyo mizima huitenga ili ajengee banda, iliyooza huwa kuni, na udongo hurudi ardhini ulikotoka. Mvua zikinyesha msimu mmoja au miwili, mpita njia hawezi kujua kwamba mahali hapo palikuwa na nyumba. Lakini nyumba ya orofa ishirini, iliyojengwa kwa zege na nondo, haiishi hivyo. Ikibomolewa huacha kilima cha kifusi, nacho hakiozi wala hakiungui. Basi kilima hicho kipelekwe wapi? Watu wa Hong Kong walilazimika kulitafutia swali hili jibu.

Hong Kong iko kusini mwa China, penye mdomo wa Mto wa Lulu. Ni kipande cha bara pamoja na visiwa vingi, na eneo lake lote ni kama kilometa 1,100 za mraba, yaani dogo kuliko kisiwa cha Unguja. Tena sehemu kubwa ni milima mikali isiyojengeka. Hata hivyo watu wanaokaa humo ni kama milioni 7 na nusu. Ndiyo sababu nyumba zao hupanda juu, na nyumba kuukuu hubomolewa ili ndefu zaidi zijengwe mahali pake.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu hao walikuwa na njia yao. Walichukua udongo na mawe wakayajaza baharini, wakapata ardhi mpya palipokuwa maji. Barabara na gati nyingi za mji zimejengwa juu ya ardhi hiyo. Kiwanja cha ndege cha zamani, kilichoitwa Kai Tak, kilikuwa na njia iliyonyooka kuingia baharini kama kidole. Siku hizo kifusi kilihesabiwa kuwa mali.

Lakini bandari nayo ilikuwa ikipungua. Kila kizazi kiliona ng'ambo inakaribia, maji yanazidi kuwa membamba na mawimbi yanazidi kuchafuka. Mwaka 1995 wenyeji walianzisha chama cha kuitetea bandari yao, na mwaka 1997 ikatungwa sheria ya kuilinda. Mwaka 2004 mahakama kuu ya mwisho ya Hong Kong iliamua kwamba bandari isijazwe ila kwa haja kubwa ya watu wote, nayo iwe imethibitishwa. Bandari ikapona, kifusi kikakosa kwao. Kilianza kurundikwa katika viwanja vya kukingojea, au kupelekwa katika majaa, nayo majaa yalikuwa yakijaa upesi.

Mwaka 2006 serikali iliweka ada. Lori likifika hupimwa mzigo wake kwenye mizani. Mzigo ulio udongo, mawe, matofali na zege tupu ulitozwa dola 27 za Hong Kong kwa kila tani, nao hupokelewa katika kiwanja cha kifusi. Mzigo uliochanganyika, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni mawe na udongo, hupelekwa mahali pa kuchambuliwa. Hapo ada ilikuwa dola 100. Mbao, mianzi, plastiki na takataka nyingine ziendazo jaani zilitozwa dola 125. Mwaka 2017 ada hizo zilipandishwa. Yafaa kuitazama hesabu hii vizuri. Kwa ada za mwanzo, kontrakta asiyejali kuchambua kifusi chake alilipa karibu mara tano kuliko mwenzake aliyekichambua, na kwa sababu hiyo kazi ya kutenga mbao na mawe ilianza pale pale nyumba inapobomolewa. Si kwamba wote walitii. Wako waliotafuta kukwepa ada, wakamwaga mizigo yao kwa siri katika mashamba na mabwawa ya samaki, na mwenye shamba akaamka akakuta kilima.

Kifusi kilicho safi kinaweza kujengea tena. Vipande vya zege hutiwa katika mtambo wenye mataya mawili ya chuma, moja limetulia na jingine huenda na kurudi likiviponda. Sumaku huvuta nondo zilizomo, nazo huuzwa ziyeyushwe. Kisha chekeche hutenga kokoto kubwa na ndogo. Kokoto hizo zina upungufu mmoja: saruji ya zamani huzigandamana, nayo ina vitundu vidogo vinyonyavyo maji, hata zege jipya laweza kukosa nguvu likiwa na nyingi mno. Kwa hiyo mafundi huzichanganya kwa kiasi na kokoto za mwamba, au huzitumia chini ya barabara. Katika Bustani ya Ardhioevu ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 2006, zege lililotengenezwa kwa kokoto za namna hiyo lilitumika.

Hata hivyo kifusi kilichobaki kilikuwa kingi kupita haja ya mji mmoja. Ng'ambo ya mdomo wa mto, upande wa magharibi, kuna Taishan katika jimbo la Guangdong. Huko ndiko walikotoka Wachina wengi waliokwenda Marekani katika karne ya 19 kutafuta dhahabu na kujenga reli. Taishan ilikuwa na pwani ya kujazwa, na Hong Kong ilikuwa na cha kujazia. Jambo laonekana jepesi, lakini halikuwa hivyo. Tangu mwaka 1997 Hong Kong ni sehemu ya China, ila ina sheria zake na mpaka wake. Mzigo hauvuki kwa kuwa tu majirani wamepatana. Mwaka 2004 wakubwa wa pande mbili walitia sahihi mapatano, na mwaka 2007 matishari ya kwanza yakaondoka.

Neno gumu katika mapatano hayo lilikuwa usafi. Ni nani apendaye kupokea taka za jirani? Taishan ilihitaji udongo na mawe, si mbao wala plastiki wala vyuma. Basi kabla ya kupakiwa kifusi huchambuliwa tena, mawe makubwa mno huvunjwa, na wakaguzi hukitazama. Matishari nayo hufuatwa kwa vyombo vya kuonyesha mahali yalipo, asije nahodha mvivu akafungua mzigo wake katikati ya bahari na kurudi mapema. Yakifika Taishan huteremsha shehena mahali palipopimwa, nyuma ya kuta za mawe zilizojengwa kuzuia mawimbi, kisha hurudi matupu kuchukua nyingine.