Kuzomea: sauti ya wengi kwa mmoja

Muulize Mkenya maana ya kuzomea, kisha muulize Mtanzania. Kenya, mama humzomea bintiye aliyechelewa kurudi nyumbani, na mwanasiasa humzomea mpinzani wake gazetini. Ni kufoka na kukaripia, na mtu mmoja anatosha. Dar es Salaam mtu mmoja hazomei. Kunatakiwa kundi, na kundi hilo halina haja ya maneno, linavuta sauti tu, "uuuuu!", mpaka mzomewa ainamishe uso.

Mimi nasimama na Dar es Salaam. Lakini pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja lililomo ndani ya neno lenyewe. Kitenzi hiki kimebeba kiambishi cha kutendea, kilekile cha kulilia, kununia na kuchekea. Kulia, kununa na kucheka husimama vyenyewe. Kuzomea sivyo: katika mazungumzo ya leo humsikii mtu akisema watu "wanazoma". Unaweza kushangilia hewani kwa furaha yako tu. Kuzomea lazima awepo wa kuzomewa.

Mwaka 2007 neno likapanda ngazi. Septemba 15 mwaka huo, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, mbunge wa upinzani, Dk. Willibrod Slaa, alisoma hadharani majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Baadaye mawaziri walipokwenda mikoani kuinadi bajeti, watu wenye hasira ya tuhuma hizo wakawazomea mikutanoni, na magazeti yakaandika "zomeazomea", jina kamili la jambo ambalo kila msomaji alilielewa. Mwananchi wa mkutanoni hakupewa kipaza sauti, wala hakuwa na takwimu za kumjibu waziri. Alikuwa na koo, akalitumia, na sioni kosa lake.

Novemba 20, 2015 ilikuwa tofauti. Rais John Magufuli alikuwa anakwenda kulihutubia Bunge Dodoma, na wabunge wa upinzani, wakiwa na hasira ya kufutwa kwa uchaguzi wa Zanzibar, wakamzomea Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, alipoingia ukumbini. Spika Job Ndugai akawaamuru watoke. Hao walikuwa na vipaza sauti mezani, bado wakachagua koo. Nadhani walijua kwamba hotuba hujibiwa kwa hotuba, ila zomeazomea haina jibu.

Ndiyo maana inaniuma kuisikia darasani. Mtoto amekosea hesabu ubaoni, mwalimu anageukia wenzake: "Mzomeeni!" Wengi hao hawana hasira naye, wameamriwa. Amri hiyo ifutwe katika shule zetu, na ifutwe sasa. Waziri akizomewa hupanda gari akaondoka. Mtoto hurudi kwenye dawati lilelile, kati ya haohao waliomzomea, na siku nyingine swali likiulizwa hanyooshi mkono hata kama jibu analo.