Furu wa Ziwa Victoria na Maana ya Spishi

Neno "aina" halimtoshi mtaalamu wa viumbe. Ng'ombe wa Ankole ni aina, na ng'ombe wa Borana ni aina nyingine, ilhali wakikutanishwa huzaa ndama asiye na kasoro. Punda na farasi nao ni aina mbili, lakini mtoto wao, nyumbu, kwa kawaida ni tasa. Ndiyo sababu limechukuliwa neno "spishi", yaani kundi la viumbe wazaanao wao kwa wao pasipo kuchanganyika na kundi jingine.

Lakini asidhani msomaji kwamba utasa ndio mpaka wa pekee. Katika Ghuba ya Mwanza huishi furu wawili walio karibu sana kwa nasaba: Pundamilia pundamilia, ambaye jina lake la kitaalamu ni Kiswahili kitupu, na Pundamilia nyererei, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume wa kwanza ni wa buluu. Wa pili ana wekundu mgongoni. Wakizalishwa pamoja watoto wao si tasa. Kinachowatenga ni jicho la jike, kwani yeye humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walieleza kwamba chini ya taa iliyofifisha tofauti za rangi, majike hawakubagua tena.

Na mpaka huo ulitoka wapi? Katika ziwa hilo, kadiri ushukavyo chini, mwanga wa buluu hutoweka mapema na mwekundu hubaki. Kisiwani Makobe, penye maji maangavu, wa buluu hukaa juu na mwekundu chini zaidi, na macho ya kila mmoja yameelekea mwanga wa makao yake. Hivyo kila jike humwona vizuri dume wa rangi yake. Ernst Mayr, katika kitabu chake cha 1942, alishikilia kwamba sharti kundi ligawanywe kwanza na mlima, bahari au kizuizi kama hicho. Furu hawa wanaitia hoja hiyo mashakani.

Watu husema sangara ndiye aliyewamaliza furu, na kweli aliwala wengi mno. Hasara nyingine haina kinywa. Kisiwani Luanso, penye maji ya matope, nuru ni haba, na mpaka baina ya wawili hao haupo: wamekuwa kundi moja, wengi wao wa rangi ya katikati.