Dengu za Nazi kwa Mlo wa Mchana

Kazi huanza usiku. Kikombe kimoja cha dengu kavu huchambuliwa mawe, huoshwa na kulowekwa kwenye maji mengi. Kufikia asubuhi punje zimevimba karibu maradufu.

Hizi ni dengu nene zenye kincha kidogo kama mdomo wa ndege, si zile ndengu za Kenya ambazo Tanzania huitwa choroko. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza huzilima kwenye udongo mweusi wa mbugani: hupandwa mvua zikielekea ukingoni, zikakomaa kwa unyevu uliobaki ardhini. Nyingi huishia India, jambo la kusikitisha kidogo kwa aliyewahi kuzionja zikiwa za nazi.

Zikisha kulowekwa, huiva kwa saa moja hivi. Nyanya na ndimu zisubiri kwanza, kwa maana ukali wake huzifanya punje zigome kulainika. Magadi huharakisha kazi, ila hupunguza vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni.

Kitunguu maji hukaangwa hadi kigeuke rangi, kikafuatiwa na kitunguu saumu, manjano, bizari nyembamba na nyanya mbili. Dengu huingia pamoja na tui jepesi. Punje chache hupondwa kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikane. Tui zito huja mwisho, na hapo mwiko hautulii mpaka lichemke, la sivyo litakatika.

Wali mweupe unatosha. Mabaki, kama yatakuwapo, huliwa jioni kwa chapati.