Pilipili Haiunguzi, Inadanganya

Katakata pilipili mbuzi za kachumbari, kisha ujisahau ufikiche jicho. Vidole vilivyoshika pilipili muda wote havikulalamika, ila jicho litawaka mpaka utafute maji kwa kupapasa. Sasa chukua kipimajoto upime: joto halijapanda hata nyuzi moja. Hakuna kilichoungua. Neva zimedanganywa, basi.

Neva hizo ni zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo: jozi 12 zinatoka kwenye ubongo, jozi 31 kwenye uti wa mgongo, nazo hutawanyika hadi ncha za vidole. Mwaka 1997, David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliitumia kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, kutafuta neva inahisije joto kali. Wakaipata protini iitwayo TRPV1, iliyokaa kama lango kwenye utando wa neva. Joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi, lango hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na neva hupeleka taarifa ya umeme: moto! Kapsaisini hulifungua lango hilohilo bila moto wowote. Ubongo hauna namna ya kujua tofauti, kwa hiyo unakutoa jasho ili upoe.

Mentoli ya kwenye pipi za minti hufanya hila ya upande wa pili. Inaamsha protini inayohisi baridi, ndiyo maana mdomo unapoa wakati pipi yenyewe ilikuwa mfukoni juani. Ndege nao hawana habari na haya yote: TRPV1 yao haishtushwi na kapsaisini, hivyo hula pilipili kwa raha zao na kusambaza mbegu. Na wewe ukizidiwa mezani, achana na maji. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maziwa au mtindi ndiyo dawa.

Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua protini zinazohisi mguso na mkandamizo.

Kasi za neva nazo hazilingani. Jikwae kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda: kwanza unasikia mchomo mkali, halafu, kama sekunde moja baadaye, maumivu mazito yanayokufanya ukae chini. Mchomo ule umepita kwenye nyuzi zinazosafirisha taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Maumivu mazito yamepita kwenye nyuzi nyembamba zisizofikisha hata mita 2. Wakati yanafika, mguu umeshauvuta zamani, kwa amri ya uti wa mgongo, bila kuusubiri ubongo.

Wengi wangetamani neva hizi zinyamaze. Waulize wenye ukoma. Bakteria wake hushambulia neva za mikono na miguu, na mtu hupoteza vidole kwa majeraha ambayo hakuyasikia. Ukoma siku hizi unatibika kwa dawa. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huua neva za nyayo polepole, na mtu anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu mchana kutwa. Kama una kisukari, kagua nyayo zako kila jioni kwa macho, na ukiona kidonda, hata kisichouma, nenda kituo cha afya.