Sarafu ya Papa ina thamani gani?

Papa Paulo VI alipozuru Kampala kuanzia Julai 31, 1969, Uganda ilitoa sarafu za kumbukumbu, za fedha na za dhahabu. Za dhahabu zilikuwa za shilingi 50, 100, 500 na 1,000. Ukirithi mojawapo leo, namba iliyoandikwa juu yake isikusumbue. Mwaka 1987 serikali ilikata sifuri mbili kwenye shilingi, kwa hiyo 1,000 ya wakati ule ni sawa na 10 za sasa. Anza na mizani.

Chukua ile ya 100. Ina gramu 13.82, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 900 ni dhahabu. Zidisha, utapata gramu 12.44 za dhahabu safi. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, nzito kuliko wakia ya kawaida ya gramu 28.35. Sarafu yako basi ina wakia 0.4, ile ya 1,000 ina wakia nne. Bei ya wakia hutangazwa London mara mbili kila siku ya kazi, kwa dola. Tuseme ni dola 3,000, na dola inabadilishwa kwa shilingi 3,600: dhahabu iliyomo ni shilingi 4,320,000. Mnunuzi atakata faida yake na gharama ya kuyeyusha, ni haki yake, lakini mapatano yaanzie kwenye hesabu hiyo, iliyopigwa kwa bei ya siku ile.

Je, ni dhahabu kweli? Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa kikombe. Mizani isome karibu gramu 0.8. Shaba ya njano yenye uzito uleule ingesoma takriban 1.6. Sumaku haisaidii kitu, kwa sababu haivuti dhahabu wala shaba. Kinachoweza kupita mtihani wa maji ni tungsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na wa dhahabu.

Bangili na mikufu hupimwa kwa njia nyingine. Mhuri wa 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Mhuri hughushiwa kirahisi, ndiyo maana sonara husugua pambo kwenye jiwe jeusi na kudondoshea asidi ule mstari uliobaki. Vito huondolewa kwenye uzito, na ujira uliomlipa fundi siku ya kununua haurudi.

Sarafu ya 1969, hata hivyo, ina bei ya pili, ya wakusanyaji, na hiyo inategemea uso wake. Zilitengenezwa ziking'aa kama kioo. Mkwaruzo mmoja hushusha bei, na kuisugua kwa dawa ya meno ni kuiharibu kabisa. Seti kamili ndani ya kasha lake hutafutwa zaidi. Linganisha na bei zilizolipwa kweli minadani, maana bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Na kabla hujaiweka mezani kwa sonara, mwambie mapema: maji na mashine ya eksirei, ruksa, jiwe, tupa na asidi, hapana.